Tabasamu Lisiloingia Kwenye Mkanda

Oktoba 12

Tumefika, na mvua imetutangulia. Kutoka kituo cha treni tumepita kati ya mashamba ya mpunga yaliyojaa maji huku na huku, dereva akiwa ametoa kichwa dirishani kama kobe ili aone njia. Nyumba tuliyokodishiwa ni ya kizamani, ina ua wa ndani usio na paa, kwa hiyo mvua inanyesha katikati ya nyumba na sisi tunaizunguka. Mwenye nyumba ni bibi kizee mjane aitwaye Pappathi. Alinishika mashavu kwa mikono miwili. "Karibu mwanangu. Mbona umekonda kuliko kwenye sinema?" Nimempenda papo hapo.

Nacheza mama. Jambo jipya hilo! Tangu mvi zilipoanza kunichungulia sijapewa kitu kingine. Safari hii naitwa Annam. Nauza kila nilicho nacho ili mwanangu asome, naficha ugonjwa wangu, nakohoa kwenye pindo la sari, na nakata roho saa ileile anapoingia mlangoni na shada la ushindi shingoni. Mwongozaji wetu, Iniyan, kijana ambaye ndevu zake bado zinajiuliza zitokee wapi, alinisimulia hadithi hiyo hadi akalia mwenyewe. Mimi nilimuuliza kama Annam ataonekana akila hata mara moja. Alidhani natania.

Oktoba 15

Mvua. Nimekohoa kutwa.

Oktoba 18

Nimekwenda mjini posta kumpigia Tenmozhi. Binti yangu ana mimba pevu. Kwetu mimba ya kwanza mwanamke huja kuzalia kwa mama yake, na baada ya sherehe ya kumvisha mjamzito bangili nilimchukua kwa mumewe kwa mbwembwe zote nikamleta kwangu Madras. Kisha filamu ikaanza, nikamwacha na mdogo wangu Kothai. Yaani amekuja kujifungulia kwa mama, na mama hayupo.

"Mama, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mama mdogo ananishindilia mpaka nashindwa kuinama. Unarudi lini?"

"Nikishakufa tu. Kabla ya sikukuu ya taa nitakuwa hapo."

"Kwa watoto wa watu unakufa upesi," alisema. "Kwangu hata kuja kunakushinda."

Alicheka. Kicheko chenyewe nakijua, maana ni changu: kinatoka puani na hakina furaha ndani yake. Mtoto huyu alilelewa na Kothai wakati mimi nawalilia wana wa uongo studio, na hajanisamehe, wala sijamwomba msamaha. Nilitaka kumwambia neno zuri, laini ikakatika.

Oktoba 21

Mvua. Stelingi ana mafua, tumelala mchana.

Oktoba 26

Kesho nakufa. Pichumani, ambaye amenipaka poda tangu enzi nacheza rafiki wa stelingi wa kike, amemfuata mwongozaji mara mbili kumkumbusha kicheko.

"Usisahau, bwana mdogo. Kabla sijamfuta uso."

"Sisahau, mzee. Umeniambia asubuhi."

"Na nakwambia tena."

Katika kazi yetu, aliyecheza maiti hafutwi poda kabla hajafumbua macho, akaitazama kamera, akatabasamu, na kamera ikaliona tabasamu hilo. Halafu kafuri inawashwa juu ya boga, na boga linapasuliwa chini. Ndivyo kifo kinavyoambiwa kwamba ulikuwa mchezo tu, kirudi kilikotoka. Mimi si mtu wa kuamini mambo mengi. Nimechelewa hekaluni maisha yangu yote. Lakini sijawahi kuinuka kwenye machela bila kutabasamu.

Oktoba 27

Niandike ilivyokuwa, maana sijatulia.

Iniyan alitaka kila kitu kiwe cha kweli. Machela ilikuwa ya mianzi mibichi, imefungwa na watu wanaofunga machela za maiti wa hapa kijijini. Wapiga ngoma walikuwa wale wale wa mazishi. Na wanawake wa kulia hawakutoka Madras, walikuwa wa hapa hapa, na kiongozi wao alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kukwaruza. Mimi nilikuwa nimekwisha lazwa, macho yamefumbwa, vidole gumba vya miguu vimefungwa pamoja kwa uzi. Nikamsikia akiuliza:

"Tunamlilia nani?"

Mtu mmoja upande wa taa akamjibu, "Vedavalli."

Hilo ni jina langu. Ningesema, "Hapana, ni Annam," lakini kamera ilikuwa imeshaanza kuzunguka, na maiti hasemi. Basi wakanililia mimi. Walinipigia vifua, wakaniita kwa jina, wakaniuliza nimemwachia nani nyumba na nimemwachia nani binti. Hilo la binti ni mazoea tu ya nyimbo zao, hata mjane asiye na mtoto huulizwa hivyo. Mwili ulinisisimka hata hivyo. Kila mwanamke alipita akanitia punje za mchele midomoni. Kisha wakaninyanyua wakanitoa kwa mlango wa mbele, miguu imetangulia, mvua ikanipiga usoni nami nikajikaza nisipepese.

Walinirudisha uani kwa ajili ya kicheko. Kamera ikaunguruma. Nilifumbua macho nikatabasamu, Pichumani akanifuta uso, boga likapasuliwa. Kafuri haikushika vizuri kwa unyevu.

Nilipokwenda jikoni nikamkuta Bibi Pappathi amejiinamia, analia. "Bibi, unanililia nini? Si niko hapa?" nikamwambia. Aligeuza uso akatazama ukuta.

Oktoba 28

Nimemsalimia Bibi Pappathi, hakuitika. Kiziwi si kiziwi, maana Pichumani alimwita kutoka barazani akaitika mara moja. Wakati wa chakula aliwaandalia wote majani ya mgomba ya kulia wali, kwangu hakuweka. Pichumani alinikatia nusu ya lake. "Amechoka tu," akasema, na hakunitazama aliposema hivyo.

Oktoba 31

Mto umefurika. Wengine wamehamia shuleni, mimi, Iniyan, mpiga picha na Pichumani tumebaki humu. Sebuleni wametundika picha yangu kwa ajili ya tukio la mwisho, ambapo mwana anaungama mbele ya mama aliyekufa: uso wangu mkubwa umenuna, tone la liwa kwenye kioo, shada la asumini, kama kwetu zinavyopambwa picha za wafu. Tukio halijapigwa kwa sababu ya mvua, picha imebaki ukutani. Jioni Bibi Pappathi aliiwashia taa ya mafuta, akakunja mikono mbele yake. Nilisimama pale pale. Alinipita kama mtu anayepita nguzo.

Novemba 2

Shada lilikuwa limenyauka jana. Asubuhi hii ni jipya.

Novemba 3

Jipya tena.

Novemba 4

Sikukuu ya taa imetukuta humu humu. Nilikuwa nimemwahidi Tenmozhi, na laini za simu zimeanguka, hata kumdanganya siwezi. Bibi Pappathi aliwapaka wanaume mafuta ya kuogea utosini, mmoja mmoja, na kuwatania. "Wewe mwongozaji una kichwa cha moto, oa upesi kabla hakijapasuka." Wote walicheka. Nilipiga magoti nami, nikainamisha kichwa. Alifunika chupa ya mafuta akaondoka.

Nilikuwa na hasira, sikatai. Nilimfuata nikampandishia sauti: bibi mzima, nimekukosea nini? Aliweka wali kidogo kwenye jani, akautoa nje ya mlango wa nyuma kwa ajili ya kunguru, kama tunavyowawekea waliotutangulia, akaita kwa sauti ya chini. Hakuita jina la mumewe, aliita Vedavalli. Kunguru akatua akala.

Mlinzi wa daraja la hapa kijijini alituletea chai barazani leo. Glasi za wenzangu aliwapa mkononi. Yangu aliiweka chini akarudi nyuma.

Novemba 6

Mbu wamewala wote usiku kucha, Iniyan amevimba jicho. Mimi sijaumwa hata na mmoja.

Novemba 9

Pichumani amenijia nikiwa naanika sari ambayo haitakauka.

"Dada Veda, nikikwambia utanichukia."

"Nakuchukia tayari, ile poda yako ya manjano imeniwasha wiki nzima. Sema."

"Siku ile ya kicheko." Alitazama huku na huku. "Mpiga picha kaniambia jana, kilevi kilimzidi. Mkanda ulikuwa umekwisha, dada. Kamera ilizunguka tupu. Walikuachia mlio tu."

Nakumbuka maji yakitona kutoka kwenye sari. Kisha nikaenda kwa Iniyan barazani, anaandika mambo yake, nikamuuliza mbele ya wenzake kama ni kweli.

"Mama, kulikuwa na kipande kidogo tu kimebaki, na mwanao alikuwa bado hajalia."

"Mwanangu yupi?"

"Wa filamu."

"Ukaona mimi unichekeshe bure."

"Mama Veda, hizi ni imani za watu wa zamani. Sisi tunafanya sanaa."

"Basi kalale wewe pale," nikamwambia. "Nikuitie wale wanawake wakulilie kwa jina lako, wakutie mchele. Tuone kama utalala usingizi."

Akafunga daftari lake. Kijana si mbaya, ila hajawahi kupotelewa na kitu. Amekula kiapo kwamba mkanda mpya ukifika tu kutoka Madras, kitu cha kwanza kitakachoingia humo ni tabasamu langu. Lakini treni haziji. Hakuna njia.

Novemba 12

Mvua. Mbu hawaniumi.

Novemba 13

Nimejitazama kwenye maji ya ua wa ndani. Ni mimi. Nilitaka tu kuhakikisha.

Novemba 16

Jioni hii Bibi Pappathi amesema.

Aliketi chini mbele ya picha yangu, akatia mafuta kwenye taa, akasokota utambi. Mimi nilikuwa nimeegemea nguzo nyuma yake. Alijua nipo, kwani nilipokohoa vidole vyake vilisita. Lakini hakugeuka. Alisema na picha.

"Wewe Vedavalli," akaiambia, "nimesikia kwa huyo wako wa poda kwamba una binti, na siku zake zimekaribia. Sikiliza basi, wala usinijibu. Maiti hajibu.

"Mimi nilikufa mwaka wa kipindupindu. Waliniosha, wakanililia kwa jina langu, wakanitia mchele, wakanibeba. Kwenye tuta la mto mvua ikanipiga usoni nikafumbua macho. Niliona anga, mwanangu. Nikacheka! Wabebaji wakanibwaga wakatoka mbio, na mimi nikarudi nyumbani kwa miguu yangu nikapita mlango wa mbele, nacheka bado. Majirani wakagawana sukari kwa furaha. Binti yangu Ponni alikuwa amekuja kuzaa kwangu, mimba yake ya kwanza. Alinikumbatia hapo hapo ulipotundikwa wewe. Mwezi haukwisha, nikamzika yeye na cha tumboni mwake."

Akasukuma utambi mbele. Mvua ilikuwa inapiga uani.

"Kilichoitwa kilikuja. Kikamkuta mwenye jina anacheka mlangoni, kimeitwa na hakuna wa kubeba. Kikamchukua aliye karibu naye kwa damu. Sasa hawa wenzako wajinga wamekulilia kwa jina, nilisikia kwa masikio yangu nikiwa jikoni. Tangu saa ile sijakutazama. Nakuwashia taa. Nakuvika maua. Sikuwekei jani pamoja na wenye uhai. Kikija kuchungulia humu, kione kwamba chake kimekwisha tolewa, kiende zake. Nimewaambia na wa kijijini wakusaidie.

"Usicheke mbele ya mashine yao, Vedavalli. Najua wanakutafutia mkanda. Hicho kicheko chenu kitakufungia mlango wewe, ndiyo, lakini binti yako hana mlango. Na asijue. Akijua atakuita mama huku analia, nacho kitasikia."

Akainuka kwa kushika ukuta. Alinipita karibu sana hata nikasikia harufu ya tambuu mdomoni mwake, na hakunitazama. Wiki zote hizi mimi nimekuwa nikimwita mchawi moyoni mwangu.

Novemba 17

Sijui kama naamini. Nimeandika hivyo nikafuta, nikaandika tena. Sijui kama naamini.

Leo nimekula nyuma ya nyumba, baada ya wote, bila kuitwa.

Novemba 19

Pichumani anaona nimebadilika. "Unaogopa kufa, dada?" Nikamwambia nimekufa mara nyingi mno kwa watoto wasiokuwa wangu, siwezi kuogopa. Ilikuwa mzaha wangu wa kawaida, akasahau kucheka.

Novemba 22

Mvua imepungua, kisha ikajuta.

Novemba 25

Mchana Iniyan ametokea na trekta la mwenye shamba, amelowa chapachapa, bati la mkanda amelibeba kichwani kama mwanamke anayetoka mtoni. Alikwenda mwenyewe hadi kituo cha mbali ambako treni zinaishia, amepita majini kwa miguu. Alipiga magoti mbele yangu, akanionyesha muhuri. "Huu hapa, Mama. Haujaguswa. Sitapiga kingine kabla ya hiki."

Mfukoni alikuwa na telegramu pia, ameichukua posta njiani, wino umetambaa. TENMOZHI HOSPITALI. UCHUNGU TANGU JUZI. HALI SI NZURI. OMBA. KOTHAI.

"Treni ya kwanza kwenda Madras ni baada ya siku nne," Iniyan alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Mama, wacha tufunge hili jambo sasa hivi. Sasa hivi. Mimi sikuamini, lakini sitaki... Lala, Mama. Ucheke. Halafu binti yako atapona."

Maskini, alikuwa amekwisha kuamini, ila ameamini nusu.

Walileta machela ile ile, mianzi imeshaanza kugeuka rangi. Pichumani alinipaka manjano ya maiti huku machozi yanamdondoka juu ya brashi. Nikalala. Wakanifunga uzi vidoleni. Nilimwona Bibi Pappathi kwenye mlango wa jikoni, amenipa mgongo, anatazama picha yangu ukutani. Nikafumba macho.

Kamera yenye mkanda ina mlio mzito kidogo kuliko kamera tupu. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sikuwahi kuijua tofauti hiyo mpaka leo.

"Haya Mama," Iniyan akasema. "Fumbua."

Nilifumbua. Niliona anga juu ya ua, jeupe, na matone yakija. Nilitaka kutabasamu. Niseme kweli, kwa kuwa humu hakuna wa kunipigia makofi: nilitaka sana. Midomo ilikuwa imeanza yenyewe, ina mazoea. Nilitaka kuinuka, nile kwenye jani kama watu, niumwe na mbu. Nikamfikiria Annam na makohozi yake, na wale mama wote niliowacheza na kuwacheka nikiwa nafutwa poda, kwa sababu hakuna mwanamke mwenye akili anayejitoa vile bila hata kuuliza. Kumbe hakuna nafasi ya kuuliza. Kuna mkanda unaozunguka na binti yuko hospitali.

"Cheka, Mama."

"Dada Veda, cheka, mkanda unaisha!"

Nilifumba macho tena. Nililegeza mashavu, nikalegeza koo, nikaacha mvua iniingie puani. Sijawahi kucheza maiti vizuri namna hiyo. Nikausikia mkanda ukifika mwisho, ule mkia wake ukipiga pap, pap, pap, na hakuna aliyeuzima.

Iniyan alikuja akaninyanyua mabega. "Kwa nini? Kwa nini, Mama?"

"Nimesahau," nikamwambia.

Jioni Bibi Pappathi aliweka kikombe cha kahawa ya maziwa chini ya picha, na kando yake kipande cha sukari guru. Aliondoka, nikanywa.

Novemba 26

Hakuna habari. Sijala. Nimekaa chini ya picha yangu.

Novemba 27

Mtoto wa kike. Wote wawili wazima. Telegramu imeletwa na mlinzi wa daraja. Aliiweka chini, akarudi nyuma, halafu nikaona anajifuta macho na kilemba.

Pichumani alinikumbatia akapiga kelele mpaka kunguru wakaruka. Nilimsimulia maneno ya bibi, nikamwapisha pale pale: Tenmozhi asijue, kamwe. Amekubali kwa shingo upande.

Novemba 29

Naondoka. Kwetu mtu hasemi "naenda", anasema "naenda nije", hata kama anakwenda dukani. Nilisimama nyuma ya Bibi Pappathi akisafisha kioo cha picha. Iniyan alitaka kuichukua, tukio limeshapigwa kwa mkanda alioufuata tena kule kituoni, bibi akamkatalia katakata. "Hii inabaki. Nitaiwashia mpaka nami nitundikwe."

Neno la kuaga lilikuwa limenijaa mdomoni, nikalimeza. Nimetoka kwa mlango wa nyuma bila kusema kitu. Nilipofika kwenye tuta nikasikia akiiambia picha, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika mbali, "Safari njema, mwanangu."

Desemba 1

Nyumbani. Ni mweusi, ana nywele nyingi, amekunja ngumi kama mdai. Tenmozhi amepauka. Walimwongeza damu, Kothai anasema kuna saa daktari alitoka nje asimwambie mtu kitu. Ilikuwa mchana, siku ya tarehe ishirini na tano.

"Umekuja," Tenmozhi alisema.

"Nimekuja."

"Baada ya kila kitu kwisha, kama polisi wa sinema zenu."

Nilikaa kitandani kwake. Hakuvuta miguu kunipisha, lakini hakunifukuza.

Desemba 8

Wamemwita Ponni. Ni mimi niliyependekeza. Tenmozhi aliuliza jina limetoka wapi, nikasema kwa mwenye nyumba tuliyopangia. Amelipenda kwa kuwa ni fupi.

Leo mpiga picha wa mtaani alikuja kwa ajili ya picha ya kumbukumbu. Tenmozhi alikaa, Kothai nyuma yake, nami nikapewa mtoto mapajani. Kijana yule alikuwa amesisimka kunipata. "Mama Vedavalli mwenyewe! Tabasamu kidogo, Mama. Kama kwenye ile filamu ya mjane."

Nilimuuliza kama kamera ina mkanda. Akadhani namdharau, akafungua akaonyesha. Ulikuwemo.

"Tabasamu, Mama."

Mtoto alikuwa ameshika kidole changu. Ana mvuto huyo, anapiga miayo na mwili mzima. Nikanuna kama picha ya ukutani.

"Mama," Tenmozhi akasema bila kugeuka, kwa sauti ya chini. "Hata leo?"

Kijana alipiga mara tatu. Mara zote tatu nilikuwa vile vile.

Baadaye nilimsikia Tenmozhi chumbani akimwambia Kothai: "Kwa wale wa sinema anacheka na kulia hadi anakauka. Mimi sitaki machozi. Nilitaka acheke mara moja tu na mwanangu." Kothai alimwambia alale. Jibu mimi ninalo, na nimelikalia.

Desemba 19

Picha zimeletwa. Kothai ametundika moja sebuleni, akaning'iniza na uzi wa asumini kwa ajili ya uzuri. Nilipoiona nikashika mlango. "Dada, nitoe?" akauliza. Nikamwambia aache.

Januari 14

Filamu imetoka leo kwa sikukuu ya mavuno. Tenmozhi sasa anaruhusiwa kutoka, amekwenda na Kothai, mimi nimebaki na mtoto. Amerudi macho yamevimba, pua nyekundu, amekaa kwenye ngazi bila kuvua viatu.

"Mama, yule Annam," alisema. "Jinsi alivyojitoa. Watu wamelia ukumbi mzima, mwanamume mbele yetu kaanguka kwenye kiti." Alivuta kamasi. "Mwanangu angekuwa na bibi kama yule."

"Filamu hizo," nikasema.

"Najua ni filamu. Nasema tu." Kisha akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu azae alilegea kidogo. "Ulicheza vizuri lakini. Pale ulipolala kwenye machela, mvua inakunyeshea, nilisahau kama ni mama yangu yuko nyumbani na mtoto. Nilitaka kupanda pale mbele nikuite."

Nilimshika mkono. "Uliita?"

"Kwenye sinema? Nani mwendawazimu?" Akacheka, kile kicheko chetu cha puani. "Nilijiziba mdomo na sari."

Nikamrudishia mwanawe, nikaenda jikoni kumpakulia.

Januari 15

Mvua zimekwisha, mbu wamebaki. Tenmozhi ametandika chini karibu na feni, amejifunika yeye na mtoto. Chandarua ni kimoja, kinawatosha wawili. Alinisogezea pindo. "Ingia na wewe, watakumaliza." Nimemwambia alale, mimi sikihitaji.